Kufunga skupu kwenye boneti ya gari la spoti la zamani: mwongozo kamili wa kazi isiyopasuka wala kuvuja

Malalamiko ni yaleyale. Skupu, ile nundu inayofungwa juu ya boneti, mara nyingi ikiwa na mdomo wa hewa, ilipendeza wiki ya kwanza, ilipofika wiki ya nane ufa mwembamba kama uzi umezunguka ukingo wote. Au boneti haifungi tena. Au mvua ya kwanza imeingia kwenye distributa (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi) na gari limegoma kuwaka. Kuna na lile linaloumiza zaidi: boneti ya asili, iliyotunzwa miaka hamsini, imetobolewa tundu sentimita tatu nje ya mstari wa katikati.

Wengi hulaumu gundi au fundi rangi. Mara nyingi kosa limeshafanyika kabla gundi haijafunguliwa, pale mtu alipoweka skupu juu ya boneti, akaizungushia kalamu, akakata palepale alipochora. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inakuja kabla ya kukata. Ukiwa na haraka, utairudia kazi hii mara mbili.

## Andaa hivi kwanza

Vya kupimia na kuchorea:

- Futi, rula ndefu ya chuma na uzi usiovutika
- Kadibodi na mkasi
- Tepu ya karatasi, upana wa milimita 50
- Plastisini, ileile wanayochezea watoto
- Nyuzi za sufu, vipande 30 hivi vya sentimita 8 hadi 10

Vya kukatia na kunyooshea:

- Drili, biti ya milimita 3 na nyingine ya 10 au 12
- Panchi (chuma cha ncha kali cha kutia alama) na nyundo ndogo
- Jigsoo (msumeno mdogo wa umeme) yenye bleidi ya kukatia chuma, meno 24 kwa inchi au zaidi
- Tupa bapa na tupa ya duara
- Msasa namba 80, 180, 320 na 600

Vya kufungia:

- Skupu yenyewe, yenye ukingo bapa wa kukalia (makalio) usiopungua milimita 20 kuzunguka pande zote
- Bolti za M6 (unene wa milimita 6) zisizoshika kutu, washa pana, nati za kujifunga
- Gasketi ya mpira yenye unene wa milimita 2 hadi 3
- Au badala ya bolti: gundi ya paneli ya epoksi ya sehemu mbili
- Prima (rangi ya kwanza) ya epoksi ya kuzuia kutu, dawa ya kutoa mafuta, vitambaa safi

Vya kujikinga: miwani, glavu, vizibo vya masikio, na barakoa ya chembechembe ya daraja la P2 au FFP2 kwenda juu. Vumbi la faibaglasi halichezewi. Rangi za magari ya zamani nazo mara nyingi zina risasi, kwa hiyo usipige msasa mkavu ukiwa umefunika pua kwa leso.

Na kimoja zaidi, ambacho wengi hukiruka: boneti ya pili. Kama gari lako bado lina boneti liliyotoka nayo kiwandani, itoe, ifunge kwenye blanketi, iweke ndani. Tafuta nyingine iliyotumika, hata kama ina mikwaruzo, ufanyie kazi hiyo. Tundu halirudi nyuma, na mnunuzi wa kesho atauliza boneti ya asili iko wapi.

## Hatua ya 1: Amua skupu yako ina kazi gani

Kazi za skupu ni nne tu. Inaingiza hewa baridi kwenye kabureta (kinachochanganya hewa na mafuta), inatoa joto la injini, inaipa nafasi sehemu iliyo ndefu kuliko boneti, au inapendezesha. Chagua moja iwe bosi. Anayezitaka zote nne kwa pamoja huishia na tundu kubwa lisilofanya hata moja vizuri.

Mahali pa kuiweka panategemea kazi, kwa sababu hewa haipiti sawasawa juu ya boneti. Inapovuka ukingo wa mbele na kupanda mkunjo, inaenda kasi na mgandamizo wake unashuka. Ikifika chini ya kioo cha mbele inagonga ukuta, inapunguza mwendo, na mgandamizo unapanda.

Kwa hiyo:

Ukitaka kuingiza hewa, sehemu iliyo karibu na kioo inafaa sana, hata mdomo ukiangalia nyuma. Chevrolet walifanya hivyo kwenye Chevelle SS ya 1970: kifuniko kilichoangalia kioo kilifunguka dereva alipokanyaga mafuta hadi mwisho. Mdomo unaoangalia mbele nao unafanya kazi, ila uinuke. Hewa iliyogusana na boneti inakwenda polepole, na skupu fupi iliyolala katikati ya boneti inakula hewa hiyo iliyochoka.

Ukitaka kutoa joto, tundu liwe theluthi ya mbele ya boneti, nyuma kidogo ya radieta, na mdomo uangalie nyuma. Hapa ndipo wengi wanapojichanganya. Wanaweka skupu ya kuangalia nyuma karibu na kioo wakiamini joto litatoka. Gari likiwa limesimama, kweli linatoka. Likikimbia, hewa inaingia. Zaidi ya hapo, tundu la hewa ya ndani ya gari kwa kawaida liko palepale chini ya kioo, na gesi ya injini inayovuja inaweza kuvutwa hadi alipokaa dereva. Gesi hiyo ina kaboni monoksidi. Haina harufu, na inaua.

Ukitaka nafasi, huhitaji mdomo ulio wazi. MGC, iliyotengenezwa 1967 hadi 1969, ilipewa nundu kwenye boneti kwa sababu injini yake ya silinda sita ilijaa, kisha juu ya nundu ikaongezwa nyingine ndogo yenye umbo la chozi kwa ajili ya kabureta. Hakuna aliyesema ni mbaya. Sawa, wapo waliosema, lakini boneti ilifungika.

Kabla ya kununua chochote, bandika nyuzi za sufu kwenye boneti, ncha moja ikiwa chini ya tepu na nyingine huru, mistari mitano kutoka mbele hadi kwenye kioo. Endesha kwa mwendo wa kawaida kwenye barabara tupu, mwenzako akirekodi kwa simu kutoka kiti cha abiria. Nyuzi zilizolala na kunyooka zinaonyesha hewa inayotiririka. Zinazocheza na kugeuka zinaonyesha hewa iliyovurugika, na mdomo wa mbele ukiwekwa hapo utapata mabaki.

Usitarajie miujiza. Kwa kilomita 100 kwa saa, nguvu yote ya upepo unaogonga gari ni kama paskali 460 (paskali ni kipimo cha mgandamizo), wakati hewa ya kawaida ina paskali 101,000 na zaidi. Hiyo ni chini ya nusu ya asilimia moja. Faida ya kweli iko kwenye baridi: kila nyuzi 3 za selsiasi unazopunguza kwenye hewa inayoingia, uzito wake unaongezeka kwa asilimia 1 hivi. Hewa ya chini ya boneti yenye nyuzi 60 na ya nje yenye 30 si ndugu.

## Hatua ya 2: Soma upande wa chini wa boneti

Fungua boneti, chukua tochi, ulale chini yake. Boneti nyingi za chuma ni tabaka mbili: bati la juu lenye unene wa karibu milimita 0.8 hadi 1, na fremu ya mbavu iliyobanwa kwa chini. Bati ni ngozi tu. Mbavu ndizo zinazoishika isipepee kwenye mwendo kasi.

Chora kwenye karatasi mbavu zote, mahali pa bawaba, komeo na pini ya kufungia. Kisha hamishia mchoro huo juu kwa tepu: pima kutoka ukingo wa boneti hadi kila ubavu, rudia vipimo hivyo upande wa juu, bandika tepu. Ukimaliza, boneti itaonekana kama imevaa mifupa yake nje. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Tundu likiangukia kati ya mbavu, una bahati. Likiangukia juu ya ubavu, una njia mbili: sogeza skupu, au ubavu ukatwe na kuzungushiwa fremu mpya. Ukichagua ya pili, fremu hiyo (bati la milimita 1 lililokunjwa pembe) inaunganishwa kabla ya ubavu kukatwa. Ukikata kwanza, bati linaachia mvutano wake, linainuka au linabonyea milimita chache, na hakuna kuligongagonga litakalolirudisha lilivyokuwa.

Angalia pia boneti inafunguka vipi. Datsun 240Z ina bawaba mbele, na kwenye Jaguar E-Type pua nzima inainama kwenda mbele. Boneti ya namna hiyo inapita njia tofauti ikifungwa, na boksi refu lililoning'inia chini ya skupu linaweza kugonga kabureta njiani ingawa ikishafungwa lina nafasi tele.

## Hatua ya 3: Pima nafasi kwa plastisini

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Macho yanadanganya kuhusu umbali ulio chini ya boneti kwa sababu huwezi kutazama ikiwa imefungwa.

Finyanga vidonge vya plastisini vyenye urefu wa sentimita 6, vichonge kama minara midogo. Viweke juu ya kila kilicho kirefu: kifuniko cha chujio la hewa, nati yake ya juu, distributa, shingo ya radieta. Tandaza karatasi ya nailoni juu yake ili bati lisigandie. Shusha boneti taratibu hadi ijifunge kabisa, kisha ifungue.

Minara imekuwa mikate. Choma kila mkate kwa kijiti cha meno na upime. Mara ya kwanza nilipofanya hivi, niliapa kwamba juu ya chujio nilikuwa na sentimita tatu. Kijiti kilizama milimita 7, na juu ya plastisini kulikuwa na alama safi ya ubavu wa boneti, hadi mikunjo yake. Ningekata siku ile, ningeupita ubavu katikati.

Sasa rudia injini ikiwa inawaka. Weka minara mipya, funga boneti, washa, kanyaga breki, na mtu aliyezoea gari apige mafuta mara mbili kwa nguvu, gia ikiwa huru. Injini inajipinda kwenye mauntingi zake, yaani mipira inayoishikilia, na mauntingi za zamani zimelegea kuliko unavyofikiri. Mkate utaonyesha tofauti. Kinachotakiwa baada ya jaribio hili ni milimita 20 hadi 25 kutoka kitu chochote cha injini hadi kitu chochote cha boneti au skupu.

Kama skupu yako ni ile inayofungwa juu ya injini na kutokeza kwenye tundu, kama ile iliyotikisika juu ya Ford Mustang Mach 1 ya 1969, hesabu inageuka: tundu ndilo linalopaswa kuizidi skupu, milimita 20 kila upande, kwa sababu injini itacheza na boneti haitacheza. Ziba pengo hilo kwa mpira laini, usilizibe kwa bati.

## Hatua ya 4: Ipangie mahali, kisha uiache ilale

Tengeneza skupu ya kadibodi yenye kimo na upana uleule. Bandika. Kaa kwenye kiti cha dereva, endapo na mwenzako ni mfupi kuliko wewe naye akae. Unaona barabara umbali gani mbele? Skupu inayomzuia dereva asimwone mtoto anayevuka haina utetezi, na mkaguzi wa magari anaweza kuikataa. Angalia sheria za ukaguzi unakoendesha kuhusu kimo na kingo kali kabla hujaenda mbali.

Tafuta mstari wa katikati kwa uzi, ukianzia kwenye bawaba na komeo. Usiamini nembo ya mbele wala mkunjo wa bati, kwa sababu magari mengi ya zamani yalimaliziwa kwa mkono na nembo huwa imepinda kidogo. Pima kutoka kila bawaba kwenda kona za skupu, kwa mshazari. Vipimo viwili vya mshazari vikilingana, skupu imenyooka.

Rudi nyuma hatua kumi, angalia. Chuchumaa, angalia. Kisha iache hadi kesho. Kesho asubuhi utaisogeza, nakuahidi, na mara nyingi itasogea nyuma.

## Hatua ya 5: Kata tundu dogo kuliko unavyotaka

Weka skupu yenyewe, izungushie kalamu. Mstari huo hukati. Ni mwisho wa skupu. Pima ndani yake milimita 40 kuzunguka pande zote na uchore mstari wa pili. Huo ndio wa kukata. Milimita 20 hadi 25 za kwanza ni makalio ya skupu, zinazobaki ni akiba. Tundu dogo unaweza kulipanua, na bati linalobaki chini ya skupu ndilo linaloibeba.

Ondoa boneti kwenye gari. Ilaze juu ya blanketi nene kwenye meza, upande wa juu ukiwa juu. Ukilazimika kuikatia ikiwa kwenye gari, funika injini yote, ziba mdomo wa kabureta kwa kitambaa, na funika kioo cha mbele kwa blanketi. Cheche za grainda zinajichoma ndani ya kioo na hazitoki.

1. Funika mstari kwa tepu na uuchore upya juu ya tepu. Tepu inazuia rangi isichanike na jigsoo isikwaruze.
2. Piga panchi kwenye kona nne, ndani ya mstari. Toboa kwa biti ya milimita 3, halafu ya 10 au 12. Kona za mviringo zina sababu yake: kona kali hukusanya mkazo, na ufa wa bati huanzia hapo.
3. Ingiza jigsoo kwenye tobo moja, kata upande mmoja kwa mwendo wa polepole. Bleidi ya meno mapana inang'ata bati jembamba na kulitikisa. Ukisikia mlio wa kugongagonga badala ya mlio wa kukereza, simama ubadilishe bleidi.
4. Kabla ya kumaliza upande wa mwisho, bandika vipande vya tepu juu ya mkato uliopita ili kipande kisiporomoke na kulipinda bati.
5. Funga boneti na ujaribu skupu na plastisini tena. Panua tu pale panapodai.

Kwa nini nasema jigsoo wakati kila gereji ina grainda? Grainda inachemsha bati jembamba, linatanuka katikati, na ukimaliza boneti inabonyeka na kurudi ukiigusa kama kifuniko cha kopo. Ukiwa na grainda tu, tumia diski ya milimita 1, kata sentimita tatu, hamia upande mwingine, acha pale pa kwanza papoe. Na ufagie chembe zote za chuma siku hiyohiyo, zisije zikalala na umande zikaota kutu juu ya rangi.

Boneti ya faibaglasi, kama ya Corvette au Lotus nyingi, inakatika kwa urahisi zaidi ila inavumbika mara kumi. Tumia bleidi yenye chembe za kabaidi, na osha mikono vizuri ukimaliza. 

Kazi imekwenda vizuri ikiwa ukipitisha kidole (ndani ya glavu) kuzunguka tundu huhisi jino, na ukibonyeza bati kando ya tundu halilii.

## Hatua ya 6: Tibu ukingo leo hii

Usilale na chuma kilicho uchi. Lainisha kwa tupa, futa kwa dawa ya kutoa mafuta, paka prima ya epoksi juu, chini na kwenye ukingo wenyewe.

Kama mkono wako unaiamini koleo, kunja ukingo wa tundu kwenda juu milimita 6 hadi 8 kabla ya prima. Kunja kidogokidogo, mizunguko mitatu au minne, usikunje sehemu moja hadi mwisho. Mkunjo huo unafanya kazi mbili: unakaza bati, na unakuwa kingo ya maji. Maji yanayotambaa chini ya skupu yanaugonga na kugeuka.

## Hatua ya 7: Funga skupu

Hapa ndipo ule ufa wa wiki ya nane unapozaliwa. Sababu yake ni joto. Chuma kinatanuka kidogo, alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma, na faibaglasi ya kutandika kwa mkono nayo inakaribia au kupita mara mbili. Skupu ya alumini yenye urefu wa milimita 600 kwenye boneti ya chuma, ikipanda nyuzi 50, inaizidi boneti kwa theluthi moja ya milimita. Ni kidogo, lakini inajirudia kila siku, na puti iliyosawazishwa juu ya kiungo haiwezi kuvutika hata nusu ya hapo. Inapasuka. Fundi bora duniani hawezi kuizuia.

Ushauri wangu, na najua wapenda boneti laini hawatanishukuru: acha kiungo kionekane. Mstari safi mweusi wa mpira kuzunguka skupu unapendeza kama wa kiwandani. Ukitaka kiungo kisichoonekana, skupu na boneti ziwe kitu kimoja, chuma juu ya chuma cha kuchomelea au faibaglasi juu ya faibaglasi.

### Njia ya bolti

Toboa matundu kwenye makalio ya skupu kila milimita 80 hadi 100. Kwa bolti ya M6 toboa milimita 7, ili skupu ipate pa kutanukia. Hamishia alama kwenye boneti skupu ikiwa imebanwa kwa tepu, toboa mbili za mshazari kwanza, zifunge, ndipo utoboe zilizobaki. Ukitoboa zote kwa mpigo, ya mwisho haitakubali.

Weka gasketi, washa pana chini, nati ya kujifunga. Kaza kwa mkono hadi gasketi ibonyee, ongeza nusu mzunguko, basi. Faibaglasi iliyokazwa kupita kiasi inapondeka chini ya bolti bila kukuambia. Kama skupu au boneti ni alumini na bolti ni za chuma kisichoshika kutu, tenganisha kwa washa za nailoni. Metali hizo mbili zikikutana na maji, alumini inaliwa.

### Njia ya gundi

Skupu mpya ya faibaglasi inakuja na nta iliyotoka kwenye kalibu. Huioni, lakini gundi inaiona. Ifute kwa dawa ya kutoa nta kwanza, halafu ndipo upige msasa namba 80. Ukianza na msasa, unaisukumia nta ndani. Boneti nayo iparuze kwa msasa huohuo hadi prima ya epoksi au chuma safi, kulingana na maelekezo ya gundi yako. Rangi ya zamani haistahili kubeba kitu.

Paka gundi mstari usiokatika, kisha dondosha ndani yake vipande vidogo vya waya wa milimita 1. Vinazuia skupu isikamue gundi yote ikatoka, ukabaki na utando usio na nguvu. Bana kwa mifuko midogo ya mchanga badala ya klampu, kwa kuwa mchanga unafuata umbo na haulipindi bati. Acha saa 24 mahali penye joto la nyuzi 18 hadi 25, boneti ikiwa imelala kama inavyolala kwenye gari. Ukiikausha ikiwa imeegemea ukuta, itakauka na upindo wa ukuta.

Kisha weka sili nyeusi inayopakika rangi kwenye kiungo, uipitishe kidole kilicholowa maji ya sabuni.

## Hatua ya 8: Rangi

Hapa sitakaa sana. Msasa 180, prima, 320, prima nyepesi, 600, rangi. Ila moja: rangi nyingi za sehemu mbili zina aisosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu, na barakoa ya vumbi haiizuii. Bila kibanda na hewa ya kupumulia kutoka nje, mpelekee fundi mwenye navyo.

## Hatua ya 9: Ongoza hewa, fukuza maji

Skupu iliyo wazi inayomwaga hewa juu ya injini ni tundu la mvua tu. Kama kazi yake ni kulisha kabureta, jenga trei ya bati kuzunguka chujio, na juu ya trei zungusha sponji nene ya seli zilizofungwa itakayobanwa na boneti ikifungwa. Paka chokaa au unga kwenye sponji, funga, fungua: alama ya unga chini ya boneti iwe duara lisilokatika.

Kwenye sehemu ya chini kabisa ya trei toboa matundu mawili ya milimita 6, uunge mipira inayoshuka hadi chini ya gari, mbali na distributa, koili na bomba la moshi. Halafu chukua bomba la bustani, injini ikiwa imezimwa, mwagia skupu dakika mbili. Fungua. Chujio liwe kavu, na maji yawe chini ya gari.

Kuna mtego kwenye kabureta. Bakuli la mafuta lina tundu la kupumulia. Ukiiingiza hewa ya skupu kwenye koo la kabureta huku tundu hilo likipumua hewa ya chini ya boneti, migandamizo inatofautiana na mafuta yanapungua kwa mwendo mkubwa. Hakikisha yote mawili yako ndani ya trei moja.

## Hatua ya 10: Barabarani

Anza na gari lililosimama. Boneti ijifunge kwa urahisi uleule wa zamani na komeo lishike bila kupigwa kiganja. Skupu imeongeza uzito, kwa hiyo springi za bawaba au kigingi kinaweza kuhitaji kukazwa. Boneti ikikupigia kichwani mara moja, utakumbuka sentensi hii.

Endesha kilomita chache kwa mwendo mdogo, simama, gusa kila bolti. Panda taratibu hadi kilomita 80 kwa saa, mwenzako akitazama mstari kati ya boneti na mbawa (mabati ya juu ya magurudumu). Ukiuona unapumua, yaani unapanda na kushuka, rudi nyumbani: mbavu hazitoshi, ongeza fremu au pini mbili za boneti. Usijaribu mwendo zaidi ya hapo boneti ikicheza. Ikifunguka, inaweza kufunika kioo chote.

Pima joto ndani ya trei kwa kipimajoto chenye waya, baada ya dakika kumi za mwendo usiobadilika. Likiwa ndani ya nyuzi 5 hadi 8 za hewa ya nje, hewa inafika. Likiwa 20 juu, sponji inavuja mahali.

Mwisho, vua plagi. Hewa nzito inataka mafuta zaidi, na kabureta ya jeti (kitundu kinachopima mafuta) haijui kwamba umebadilisha boneti. Kaure ya plagi ikiwa rangi ya kahawa yenye maziwa, acha. Ikiwa nyeupe kama chaki, injini inaungua kavu, mafuta hayatoshi, panda jeti saizi moja na upime tena. Rudia bolti baada ya kilomita 100, na tena baada ya 500, kwa sababu gasketi mpya hulegea inapokaa.